Karbunkulo, selulaitisi, sepsisi: kuisoma karatasi ya mgonjwa aliyepasuliwa jipu

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58 na ana kisukari kwa miaka saba sasa. Alitokwa na uvimbe kisogoni, ukaanza kutoa usaha kwenye vitundu vitatu vinne hivi. Hospitali walimpasua, hawakumshona, wakamjazia shashi na kumruhusu na dawa za kumeza. Kwenye karatasi wameandika: "Carbuncle, nape of neck, with surrounding cellulitis. I&D done. Pus for C/S. R/O sepsis. RBG 17.2." Tumesoma mtandaoni kwamba sepsis ni usaha kuingia kwenye damu na kwamba inaua. Tangu mama asikie hivyo, hali chakula. Shangazi anasema walimpasua kabla jipu halijaiva, na kwamba kidonda kilitakiwa kushonwa. Amemletea kapsuli za kufungua na kunyunyizia juu. Isitoshe, mdogo wangu wa kiume anatokwa na majipu mapajani karibu kila mwezi, anaambiwa ana damu chafu. Naomba utueleze haya majina yana maana gani, na tufanye nini.

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza.

Nianze na lile linalomnyima mama chakula. "R/O sepsis" haisemi kwamba mama ana sepsisi. Herufi hizo mbili ni kifupi cha maneno yenye maana ya "hakikisheni hana". Daktari akiziandika anajikumbusha yeye na mwenzake wa zamu inayofuata kwamba mgonjwa huyu mwenye kisukari na maambukizi makubwa apimwe na aangaliwe vizuri kabla ya kuachiwa. Wangeikuta kweli wasingemruhusu. Wangemlaza, wakamtundikia dripu na kumpa antibiotiki za mshipa bila kusubiri majibu ya maabara. Mwambie hivyo leo, kabla ya chakula cha jioni.

Na ale kweli, kwa sababu hapa ndipo ninapoona hatari ya haraka kuliko hiyo mnayoiogopa. Kama mama anatumia glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, au anajichoma insulini huku hali chakula, sukari inaweza kushuka ghafla ikawa chini ya 3.9 mmol/L. Atatoka jasho la baridi, atatetemeka, ataanza kuongea ovyo. Hali hiyo ikitokea na bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, mpime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula cha kawaida. Akiwa hawezi kumeza, msimmiminie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Msiache dawa za kisukari kwa uamuzi wenu. Pigeni simu kliniki, mseme kwamba mama hali chakula, wao wapunguze dozi wenyewe.

Sasa hilo la usaha kuingia kwenye damu. Wazo lenyewe ni la zamani. Karne ya 19 madaktari wa Ulaya walikuwa na neno paiemia, lenye maana hiyohiyo, kwa sababu walipowapasua marehemu walikuta majipu madogomadogo yametapakaa kwenye mapafu na ini, wakadhani usaha umesafiri. Kinachosafiri ni bakteria. Wakitua mahali, jipu jipya linaanza hapo. Bakteria wakipatikana kwenye damu kwa kipimo huitwa bakteremia, na hilo peke yake si lazima liwe ugonjwa. Hata kupiga mswaki huweza kuwaingiza wachache kwa muda mfupi, kinga ikawamaliza. Septisemia ni neno la zamani kidogo, la bakteria waliomo kwenye damu na mgonjwa anaumwa. Sepsisi ni jambo jingine. Maana inayotumika sasa, iliyokubaliwa mwaka 2016, ni viungo vya mwili kuanza kushindwa kazi kwa sababu mwili unapambana na maambukizi bila mpangilio, kiasi cha kujiumiza wenyewe. Mtu anaweza kuwa na sepsisi bila bakteria yeyote kuonekana kwenye damu yake. Ndiyo maana huitambui kwa kuangalia usaha. Unaitambua kwa kumwangalia mgonjwa: anapumua vipi, presha yake ikoje, akili yake iko sawa?

Ili majina mengine yaeleweke, lazima kwanza tujue usaha unatoka wapi. Mara nyingi mhusika ni bakteria aitwaye Staphylococcus aureus. Alexander Ogston, daktari wa upasuaji wa Aberdeen huko Scotland, ndiye aliyemtambua kwenye usaha wa majipu mwaka 1880. Anaishi kwenye ngozi na puani mwa watu wengi wazima bila kuwadhuru. Akipata upenyo kwenye shina la unyweleo, labda kwa msuguano wa kola, wembe au kujikuna, anaanza kuzaliana. Chembe nyeupe za damu humiminika hapo, zinamla, zinakufa kwa maelfu, na zikifa zinaachia vimeng'enya vinavyoyeyusha nyama iliyo karibu. Mchanganyiko huo wa chembe zilizokufa, bakteria na nyama iliyoyeyuka ndio usaha. Wakati huohuo mwili unajenga ukuta kuuzunguka ili usisambae.

Ukuta huo unasaidia, na pia unaleta shida. Ndani yake hakuna mishipa ya damu, na dawa ya kumeza husafiri kwa damu. Inafika ukutani inaishia hapo. Hata kile kidogo kinachopenya kinakuta mazingira yenye asidi na oksijeni haba, ambamo bakteria wengi wamepunguza kasi ya kuzaliana, na dawa za jamii ya penisilini huwashika hasa wanapozaliana. Kwa hiyo madaktari wana msemo wa Kilatini wa tangu zamani, kwamba palipo na usaha, hapo utolewe. Asidi hiyohiyo hudhoofisha sindano ya ganzi. Kama mama alilalamika kwamba ganzi haikumshika vizuri, hakuwa anadeka.

Ukishaelewa ukuta, majina mengi yanajibu maswali mawili tu: usaha uko wapi, na umezungukwa au haujazungukwa? Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atibiwe kwa kisu, kwa dawa, au kwa vyote viwili.

Folikulaitisi ni vipele vidogo vyenye ncha nyeupe kwenye mashina ya vinyweleo, usaha ukiwa juujuu tu. Ni vile vipele vya kidevuni baada ya kunyoa. Maambukizi yakishuka chini ya shina na kutunga usaha, tunaita furunkulo, yaani jipu la kawaida unalolijua, lenye kichwa kimoja na kiini. Karbunkulo ni majipu kadhaa yaliyoungana chini kwa chini. Kisogoni na mgongoni ngozi ni nene, nayo imefungwa na nyama ya chini kwa nyuzi ngumu. Usaha ukikosa njia ya kupanda moja kwa moja unatambaa pembeni, kisha unatokeza kwenye mashina mengi ya vinyweleo, ngozi ikawa na matundu kama kichujio cha chai. Hivyo vitundu vitatu vinne mlivyoviona juu vilikuwa milango tu. Chumba chenyewe kilikuwa kikubwa zaidi, na mara nyingi kinawashtua hata wanaopasua. Karbunkulo inawapenda watu wenye kisukari, na si wachache wanaogundua kwamba wana kisukari siku walipokwenda hospitali kwa ajili ya jipu la kisogo.

Absesi ni jina la jumla la usaha wowote uliojikusanya ndani ya ukuta, popote mwilini: kwenye titi, tako, ini, mzizi wa jino, hata ubongo. Furunkulo na karbunkulo ni absesi za ngozi zenye asili ya kinyweleo.

Selulaitisi ni kinyume chake. Hapo bakteria wametapakaa ndani ya ngozi na mafuta ya chini yake bila kukusanyika na bila ukuta. Hakuna cha kutoa. Ukikata unapata damu na maji kidogo. Tiba yake ni antibiotiki, kupumzisha sehemu hiyo, na kama ni mguu kuuinua juu ya mto. Karatasi ya mama inasema alikuwa na vyote viwili, chumba cha usaha katikati na ngozi iliyowaka pembeni, kwa hiyo alipasuliwa na akapewa pia vidonge. Msione kwamba walibahatisha mambo mawili kwa mpigo. Vitabu vingi husema selulaitisi ni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Tafuteni ngozi iliyokoza rangi kuliko jirani yake, inayong'aa kwa kuvimba, yenye joto ukiigusa kwa mgongo wa kiganja, inayouma hadi mahali fulani kisha basi. Chora mpaka huo kwa kalamu ya wino na uandike saa. Kesho yake hutabishana na mtu kama uvimbe umepanda au umeshuka.

"I&D" ni kupasua na kutoa usaha. "Pus for C/S" ni kwamba usaha umepelekwa maabara kuoteshwa, bakteria atambulike na ajaribiwe kwa dawa mbalimbali. Huchukua siku mbili hadi tatu, na wagonjwa wengi hawarudi kuchukua majibu kwa kuwa maumivu yameshapungua. Rudini. Kwenye karatasi ya majibu mtaona orodha ya dawa na herufi: S maana yake dawa hiyo inamweza, R maana yake amekuwa sugu. Kama dawa aliyopewa mama ina R na kidonda bado kinatoa usaha, itabadilishwa. Mkiona MRSA msizimie. Ni Staphylococcus aureus aliyekuwa sugu kwa kloksasilini, dawa ya jamii ya penisilini, na ndugu zake, lakini kwa kawaida zipo dawa nyingine za kumtibu, na daktari atachagua kwa kufuata karatasi hiyo. Na ikiandikwa kwamba hakuna kilichoota, haina maana kwamba hakukuwa na maambukizi. Huenda mama alishameza antibiotiki kabla ya kuja, au bakteria ni wa aina isiyoota kwa njia ya kawaida.

"RBG 17.2" ni sukari ya wakati wowote, bila kufunga. Kwa mtu mwenye dalili za kisukari, 11.1 na kuendelea inatosha kusema anacho. Maambukizi yanapandisha sukari, na sukari ikipanda zile chembe nyeupe zinalegea, haziwahi wala haziui vizuri. Mduara huo ndio unaofanya kidonda cha mwenye kisukari kigome. Kushusha sukari ni sehemu ya tiba ya jipu lenyewe, sawa na kisu.

Nije kwa shangazi. Kuhusu kuiva, ana hoja. Jipu likiwa bado gumu, halijatunga usaha, kulikata ni kumtesa mgonjwa bure. Wakati huo linakandwa kwa kitambaa safi kilichochovywa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, mpaka liive au liyeyuke lenyewe. Maji yapimwe kwa kiwiko cha mtu asiye na kisukari, maana mwenye kisukari anaweza kuungua bila kuhisi. Kuiva kunapimwa hivi: weka vidole viwili pande mbili za uvimbe, bonyeza kimoja; kama kingine kinainuliwa, chini kuna maji, yaani usaha. Ikiwa haieleweki, kipimo cha mawimbi ya sauti kinaonyesha. Lakini la mama lilikuwa tayari linatoa usaha kwenye vitundu kadhaa. Lilikwisha kuiva. Kila siku ya kusubiri ingekuwa siku ya usaha kutambaa zaidi chini ya ngozi.

Hapa niseme neno kuhusu kutumbua. Tangu mwaka 2015 Rais Magufuli alipoanza kutumbua majipu serikalini, neno limepata sifa nzuri nchini Tanzania. Kwenye ngozi halistahili sifa hiyo. Kukamua kwa kucha kunapasua ukuta kuelekea ndani, usaha unasukumwa kwenye nyama nzima. Hatari zaidi ni jipu la puani, mdomo wa juu na kati ya pua na jicho, kwa sababu mishipa ya damu ya hapo inawasiliana na ya ndani ya fuvu, na maambukizi yanaweza kufuata njia hiyo. La hapo haliguswi kabisa. Linapelekwa kwa daktari.

Kuhusu kushona, hapo shangazi amekosea. Ukifunga mdomo wa kidonda chenye mabaki ya bakteria, umejenga jipu upya. Kidonda cha namna hii huachwa wazi kijae kutoka chini kwenda juu. Shashi iliyowekwa ndani ina kazi mbili, kunyonya majimaji na kuzuia midomo ya ngozi isikutane kabla sakafu haijapanda. Kwa majipu madogo imeonekana kwamba kujaza shashi hakuongezi faida kubwa, ila kwa karbunkulo ya mwenye kisukari, yenye chumba kipana, wengi bado tunaiweka, na kwa legelege. Ikishindiliwa inabana mishipa midogo ya damu na inazuia usaha badala ya kuutoa.

Kama zahanati iko karibu, afungwe kidonda huko. Kama mtafanya nyumbani, mhudumu awaelekeze mara ya kwanza akiona mnavyofanya, kisha mfuate utaratibu huu. Mpeni parasetamoli gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, nusu saa kabla, ila jumla ya siku isizidi vidonge vinane. Chemsheni lita moja ya maji kwa dakika kumi na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kilichokwanguliwa bapa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Yakibaki kesho yake yamwageni. Nawa mikono kwa sabuni. Lowesha shashi ya ndani kwa maji hayo, subiri dakika tano, ndipo uivute polepole. Ikivutwa kavu inang'oka na nyama mpya, na maumivu yake mama hatayasahau, kesho atawakimbia. Hesabu vipande vilivyotoka vilingane na vilivyoingia jana, kwani kipande kilichosahaulika ndani ni sababu mojawapo ya kidonda kukataa kupona. Osha kwa kumimina, au kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano yenyewe. Weka shashi safi yenye unyevunyevu, iguse kila kona bila kubana, acha mkia nje, funika kwa shashi kavu. Mara moja kwa siku inatosha. Ikilowa mapema, mara mbili.

Msitumie spiriti wala haidrojeni peroksaidi. Hiyo ya pili inatoa povu la kuridhisha macho, ila zote mbili zinaua na chembe changa zinazojenga nyama. Mnachotaka kuona chini ya kidonda ni nyama nyekundu yenye chembechembe, inayotoa damu kidogo ikiguswa. Utando wa njano uliogandamana, au kitu cheusi, ni nyama iliyokufa, nayo inaondolewa hospitali. Wiki tatu hadi sita kwa kidonda cha ukubwa huo si ajabu, na muda mrefu zaidi kama sukari haishuki.

Zile kapsuli wekeni pembeni. Unga wa ndani umetengenezwa umezwe. Haukutakaswa vijidudu, una vijazio, na ukichanganyika na majimaji unagandamana kuwa gamba linalofungia usaha chini. Dawa yenyewe haishuki kufika inapotakiwa, na mwili unaweza kuanza kuikataa, hata siku mama akihitaji penisilini ya sindano akapata mzio. Vidonge alivyoandikiwa amalize. Kama ni kloksasilini au kapsuli zenye ampisilini na kloksasilini pamoja, anywe tumbo likiwa tupu, saa moja hivi kabla ya chakula, kwa sababu chakula kinapunguza kiasi kinachoingia mwilini. Lile la kula kwanza ndipo umeze dawa, tulilozoea wote, hapa halifai. Ila kwa mama, msichanganye na dawa zake za kisukari. Hizo zina muda wake.

Sasa lini mrudi bila kungoja tarehe ya kliniki? Kaa naye akiwa ametulia, usimwambie unafanya nini, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Zikifika 22 au zaidi, au namba ya juu ya presha ikiwa 100 au chini, au ameanza kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, mpelekeni saa hiyohiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo kama anatetemeka kwa baridi, mkojo umepungua sana, anatapika dawa, au uvimbe umevuka ule mpaka wa kalamu. Kuna hali moja nataka muijue kwa jina, fashaitisi ya kuozesha, ambapo maambukizi yanakimbia kwenye tando zinazofunika misuli na kuua nyama kwa saa, si kwa siku. Dalili yake ya mwanzo inadanganya: ngozi inaonekana na shida ndogo lakini maumivu ni makali kupita kiasi. Baadaye ngozi inakuwa ya zambarau, inatoa malengelenge, inakufa ganzi, na ukiibonyeza unaweza kuhisi vitu vinapasukapasuka chini. Hiyo ni ya chumba cha upasuaji mara moja, na wenye kisukari wako mbele kwenye foleni yake.

Majina mengine mtakayokutana nayo yanafuata mantiki ileile. Neno likianza na paio, jua kuna usaha: paionefrosisi ni usaha kwenye figo iliyoziba, paiomayositisi ni usaha ndani ya msuli. Hii ya mwisho ni ya nchi zetu za joto na hukosewa sana. Paja au tako linauma, linakuwa gumu, homa ipo, lakini ngozi ya juu ni ya kawaida, basi mgonjwa anachuliwa mafuta au anatibiwa malaria mpaka wiki ya pili au ya tatu usaha unapojaa. Homa na msuli mmoja mgumu unaouma vinahitaji kipimo cha mawimbi ya sauti mapema. Empiema ni usaha uliojaa kwenye uwazi uliokuwepo tayari mwilini, hasa kati ya mapafu na ukuta wa kifua. Huo hutolewa kwa mrija unaoishia kwenye chupa ya maji. Chokea ya jicho na mdudu wa kidole ni majipu madogo ya kope na ya ncha ya kidole. Mdudu wa kidole mwenye malengelenge madogo ya maji badala ya usaha anaweza kuwa ni virusi vya hapezi, na huyo hakatwi. Mtoki wa kwenye kinena mara nyingi si jipu bado, ni tezi iliyovimba kwa kidonda cha mguuni, tafuta kidonda. Na uvimbe laini wenye maji ndani, usio na joto wala maumivu makali, kwenye shingo, mgongo au kinena, uliokaa wiki kadhaa, huitwa jipu baridi. Huo mara nyingi ni kifua kikuu cha tezi au cha uti wa mgongo. Ukikatwa ovyo unabaki tundu linalovuja miezi. Unavutwa kwa sindano, unapimwa, na tiba yake ni dawa za kifua kikuu.

Nimalizie kwa mdogo wako. Hakuna damu chafu, na sharubati za kusafisha damu hazigusi majipu. Maembe nayo yanasingiziwa. Msimu wake pwani unaangukia kwenye joto na jasho, na jasho na msuguano ndivyo vinavyofungua mlango. Majipu ya kurudiarudia mara nyingi ni ya mtu anayembeba Staphylococcus aureus puani, kinenani au kwapani, akijiambukiza upya kwa vidole, au ya kaya inayopokezana taulo na wembe. Kwanza apimwe sukari, hasa kwa kuwa mama anayo, na VVU kwa hiari yake. Vikiwa salama, daktari anaweza kumwandikia mafuta ya mupirosini ya kupaka ndani ya pua mara mbili kwa siku kwa siku tano, pamoja na sabuni ya kloreksidini ya kuogea. Siku hizohizo shuka, taulo na nguo za ndani zifuliwe kwa maji ya moto, na kila mtu nyumbani awe na taulo lake, la sivyo ni kazi bure.

Aangalie pia kama majipu yake yana tundu dogo katikati, na kama anahisi kitu kinachezacheza ndani. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye udongo wenye kivuli na kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje. Mabuu yake yanaingia kwenye ngozi na kuleta uvimbe unaofanana sana na jipu. Antibiotiki haimtoi. Tundu hupakwa vaselini nene kwa saa kadhaa, buu linakosa hewa linajitokeza, kisha linatolewa taratibu kwa kibano bila kulikata. Kinga yake ni pasi ya moto, pande zote mbili za nguo na kwenye mishono, hasa za ndani, au kuanika juani kwenye kamba badala ya majanini.